Nukta zimeangukia baharini: utatuzi wa matatizo kwa wanaojifunza ramani za uhalifu Dodoma

Tunakutana Jumamosi asubuhi, vijana kumi na wachache, kila mmoja na kompyuta mpakato yake, kujifunza kuweka matukio ya uhalifu kwenye ramani na kuyachambua. Programu ni QGIS, kwa sababu ni ya bure. Data ni ya mazoezi: matukio tumeyatunga wenyewe, kwa hiyo mtaa utakaotajwa humu hautuhumiwi kwa lolote. Matatizo, hata hivyo, ni ya kweli na yanajirudia. Mmoja anapiga simu usiku, "Kaka, nukta zangu zimepotea." Mwezi haujaisha, mwingine anauliza lile lile.

Nimeyapanga kwa dalili, yaani kile unachokiona kwenye kioo. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi na ukaguzi usiohitaji utaalamu. Mambo mazito yanafuata baadaye, na pale unapotakiwa kuacha na kumtafuta mtaalamu nimesema waziwazi.

Tafadhali shika hili kabla hatujaanza. Ramani ya uhalifu inawagusa watu. Ukipaka Nkuhungu rangi nyekundu ukairusha kwenye makundi ya WhatsApp, bodaboda watakataa kwenda huko usiku, mpangaji atatafuta chumba kwingine, na mama mwenye genge atafunga mapema. Kama wekundu ule umetokana na saa iliyoandikwa vibaya, umewaumiza watu bure. Kwa hiyo doa likitokea, shuku jedwali kwanza, kisha mfumo wa koordineti (namba zinazotaja mahali), kisha hesabu. Mtaa uwe wa mwisho kushukiwa.

Na weka nakala ya jedwali la awali mahali usipogusa kabisa. Marekebisho yote yafanyike kwenye nakala nyingine.

Dalili: nukta haziko Dodoma kabisa

Mji wa Dodoma uko takriban latitudo 6.17 kusini na longitudo 35.74 mashariki. Kwenye jedwali hilo linaandikwa -6.17 na 35.74. Zikariri namba hizo, kwa maana mahali nukta zilipoangukia ndipo panapokuambia kosa ni lipi. Weka ramani ya OpenStreetMap chini, punguza ukubwa mpaka uione Afrika nzima, kisha utafute nukta zako.

Zikiwa kwenye Bahari ya Atlantiki, magharibi kidogo ya Tangier kule Moroko, umebadilishana safu. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Simu nyingi zinataja latitudo kwanza, lakini programu ya ramani inataka X kwanza, na X ni longitudo. Fungua tena dirisha la kuingiza jedwali, weka longitudo kwenye X na latitudo kwenye Y. Dakika moja tu.

Zikiwa kusini magharibi mwa Ethiopia, alama ya kutoa imepotea. Mwandishi aliona "6.17 S" kwenye simu akaandika 6.17. Usizidishe safu nzima kwa -1 kabla ya kuangalia, maana mara nyingi baadhi ya mistari ina alama na mingine haina. Panga safu kutoka ndogo hadi kubwa, utaziona zilizobaki chanya zimejikusanya chini.

Zikiwa kaskazini mashariki mwa Algeria, jirani na mji wa Batna, makosa yote mawili yametokea pamoja. Na zikiwa Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana, seli zilikuwa tupu zikasomwa kuwa sifuri na sifuri. Hizo zitoe kwenye ramani lakini usizifute kwenye jedwali. Tukio lisilo na koordineti bado ni tukio, na lazima useme kwenye maelezo ya ramani kwamba matukio kadhaa hayakupata mahali.

Kama huzioni popote, angalia koma. Kompyuta yenye mipangilio ya Ulaya huandika 35,74 badala ya 35.74, na programu inayachukua hayo kuwa maandishi. Kwenye Excel dalili yake ni rahisi: namba husimama kulia mwa seli, maandishi husimama kushoto.

Sasa tuje kwenye balaa letu wenyewe, watu wa kanda ya kati. Tunapofanya kazi kwa mita tunatumia mfumo wa UTM, na UTM inaigawa dunia katika kanda zenye upana wa nyuzi 6 za longitudo. Mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo 36, na mstari huo unapita mashariki mwa mji wetu, mbali kidogo tu. Jiji, Bahi, Kondoa mjini, Manyoni na Singida viko kanda ya 36 kusini, ambayo namba yake kwenye QGIS ni EPSG:32736. Kongwa na Mpwapwa viko kanda ya 37 kusini, EPSG:32737. Wilaya ya Chamwino imekatwa katikati. Mtu wa Mwanza au wa Dar es Salaam hasumbuki na jambo hili. Sisi tunalikuta kila tunapochukua data ya mkoa mzima.

Linavyoonekana ni hivi. Katikati ya jiji, kwa kanda ya 36, namba ya mashariki ni kama 803,000 na ya kaskazini kama 9,317,000. Ukiziambia namba hizo kwamba ni za kanda ya 37, nukta zitaruka nyuzi 6 mashariki, kiasi cha kilomita 660, zikadondokee Bahari ya Hindi ng'ambo ya Unguja. Data ya Kongwa ikisomwa kwa kanda ya 36 itaruka masafa hayo hayo kuelekea Ziwa Tanganyika. Na ukichagua kanda ya kaskazini badala ya kusini, nukta zitakwenda karibu na Ncha ya Kaskazini. Ukiona barafu, rudi kaangalie herufi.

Dawa inahitaji utofautishe vitu viwili ambavyo wanafunzi wengi huvichanganya. Kuitajia leya (tabaka moja la data kwenye ramani) mfumo wake ni kubandika lebo. Kuibadilisha leya kwenda mfumo mwingine ni kuhesabu upya kila koordineti. Ukibandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi, chai haitakuwa tamu. Kwa hiyo: kwanza bandika lebo iliyo ya kweli, ile data ilivyokusanywa. Nukta zikishakaa mahali pake ndipo uzibadilishe kwenda mfumo unaoutaka, kwa kuhifadhi faili jipya. Kwa mkoa mzima sisi huchagua kanda moja, ya 36, na kuvumilia upotofu mdogo wa umbali huko Mpwapwa. Kwa uchambuzi wa kata hadi kata hauna madhara.

Acha hapo kama koordineti zako zimetoka kwenye ramani ya upimaji wa viwanja na jibu lako litatumika kusema tukio lilitokea ndani ya kiwanja cha nani. Hiyo ni kazi ya mpima ardhi aliyesajiliwa.

Dalili: ziko Dodoma, lakini zimesogea kidogo

Nukta ya dukani iko katikati ya barabara, au nukta ya Madukani imeingia Uhuru. Tazama kwanza zimesogeaje. Zikiwa zimetawanyika, moja huku nyingine kule, lawama ni ya simu. Ndani ya nyumba ya bati au katikati ya maghorofa simu hukisia, na kukisia kunaweza kufika makumi ya mita au zaidi. Rudia kipimo ukiwa uwanjani, usubiri nusu dakika kabla ya kuandika.

Zikiwa zote zimesogea upande mmoja kwa umbali ule ule, karibu mita 300, hiyo siyo simu. Ni Arc 1960, mfumo wa zamani wa koordineti. Ramani za zamani za nchi yetu za skeli ya 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo huo, na baadhi ya leya za mipaka zinazozunguka kwenye flashi za watu zimetokana nazo. Kwa kanda ya 36 kusini namba yake ni EPSG:21036, kwa ya 37 ni EPSG:21037. Leya ya namna hiyo ikibandikwa lebo ya WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS ya simu, itahama. Mita 300 huko Hombolo haziumizi. Katikati ya mji, ambako kata ni ndogo, zinatosha kulivusha tukio kutoka kata moja hadi nyingine, na hesabu yako yote ya kata ikaharibika bila ramani kuonekana mbaya.

Usizisogeze nukta kwa mkono mpaka "zikae vizuri". Nimeona kijana mwangalifu kabisa akifanya hivyo kwa jioni nzima. Badilisha lebo kwanza uone kama zitarudi zenyewe.

Dalili: nukta arobaini zimerundikana mahali pamoja, au zimejipanga mistari

Zikijipanga kama gwaride, kwa mistari iliyonyooka wima na mlalo, desimali zimekatwa. Desimali mbili za nyuzi ni kama kilomita 1.1, tatu ni mita 110, nne ni mita 11. Jedwali lililopitia mikono mingi hupoteza desimali njiani, na hazirudi. Tafuta nakala ya awali. Kama haipo, acha kabisa uchambuzi wa mtaa kwa mtaa na ubaki ngazi ya kata.

Rundo kwenye nukta moja ni hadithi nyingine, na hili ndilo limeniletea huzuni mara nyingi, kwa sababu ndilo linalozaa "maeneo korofi" ya uongo. Hesabu koordineti zinazojirudia. Ukikuta jozi ile ile mara arobaini, nenda uone ni mahali gani.

Mara nyingi ni mahali palipoandikiwa taarifa. Mtu ameibiwa simu sokoni Majengo, akaenda kituoni kuchukua RB, na anayejaza fomu akabonyeza "mahali nilipo sasa". Matokeo yake kituo cha polisi kinageuka kitovu cha wizi mjini. Sababu ya pili ni kitovu cha kata: mtu hakujua mahali hasa, akaandika jina la kata, na programu ikaweka nukta katikati yake, pengine shambani ambako hakuna hata nyumba. Ya tatu ni alama maarufu. "Karibu na Nyerere Square" inaweza kumaanisha popote kwa dakika kumi za kutembea. Sababu ya mwisho, na iko kweli, ni kwamba matukio yote yalitokea pale: stendi, soko, lango la ukumbi.

Ongeza safu moja kwenye jedwali, uiite "ubora wa mahali": hasa, jirani, mtaa, kata, haijulikani. Ramani ya nukta ichukue mbili za kwanza tu. Zilizobaki zihesabiwe kwa kata. Safu hiyo moja imetuokoa kuliko mbinu yoyote ya hesabu niliyowahi kufundisha.

Dalili: kata nyingine hazina rangi baada ya kuunganisha jedwali na mipaka

Chang'ombe. Karibu kila mara inaanzia hapo. Jedwali lina kiapostrofi kilichonyooka, leya ya mipaka ina kilichopinda, na kompyuta inaona majina mawili tofauti. Kata haiungani, inabaki nyeupe, na msomaji anadhani Chang'ombe hakuna uhalifu. Sababu zinazofuata ni nafasi iliyobaki mwishoni mwa jina, herufi kubwa zote upande mmoja, na majina yaliyofupishwa: "Kikuyu" bila kusema Kaskazini au Kusini, "Hombolo" bila kusema Bwawani au Makulu. Hayo mawili ya mwisho usiyakisie. Rudi kwa aliyeandika.

Dawa ya kudumu ni kuunganisha kwa namba ya kata, siyo kwa jina. Na seli tupu usizijaze sifuri kwa pupa. Sifuri maana yake tumehesabu hatukukuta kitu. Tupu maana yake hatujui. Zipe rangi mbili tofauti.

Jamaa wa Chang'ombe hao hao wana shida nyingine. Ukitumia huduma ya mtandaoni kutafuta koordineti kwa jina, Chang'ombe inaweza kupelekwa Temeke, na Majengo popote nchini. Andika daima "Dodoma, Tanzania" baada ya jina, kisha chuja kila nukta iliyotoka nje ya mpaka wa jiji. Anwani za makazi zilizowekwa nchini mwaka 2022 zimesaidia, lakini watu bado wanaeleza mahali kwa mti, kwa duka na kwa jina la mwenye nyumba, na kazi yako ni kuwasikiliza.

Dalili: chati ya saa inaonyesha uhalifu mwingi saa ambayo watu wamelala, na jioni karibu hakuna kitu

Vijana wanaotumia miongozo ya nje hawaikuti shida hii kwenye kurasa zake, kwa sababu imetoka kwenye lugha yetu. Shahidi anasema "saa mbili usiku". Mwandishi mmoja anaandika 20:00, mwingine 02:00. Wote wameandika kwa uaminifu. Anayesema "saa nane usiku" ndiye anayemaanisha 02:00, na akiandikiwa 08:00 tukio limehamia asubuhi kweupe.

Ukaguzi: chora idadi ya matukio kwa kila saa. Ukiona mlima saa 02:00 na bonde kati ya 19:00 na 22:00, muda ambao mji wa Dodoma bado uko macho na watu wanarudi makwao, shuku saa. Chukua mistari ishirini, soma maelezo yake. Yakisema "alikuwa anatoka kula" au "duka lilikuwa bado wazi", ile siyo saa nane ya usiku.

Usijumlishe saa 18 kwenye safu nzima. Utawaharibia walioandika sawa. Gawa kwa mwandishi au kwa kituo kama unaijua, maana mtu mmoja huandika kwa namna moja. Kwa siku zijazo, fomu iwe na sehemu mbili: saa kwa maneno kama ilivyotamkwa, na saa kwa mfumo wa 24.

Tarehe nayo ina mtego. "Usiku wa kuamkia Jumapili" ni Jumamosi baada ya jua kuzama hadi alfajiri ya Jumapili. Mwingine ataandika Jumamosi, mwingine Jumapili, na ukichora kwa siku za wiki utapata vilele viwili kwa jambo moja. Sisi tunahesabu usiku kuwa kipande kimoja, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, na tunaupa jina la siku ulipoanzia. Chagueni lenu, mliandike. Halafu kuna 03/04/2024: Machi au Aprili? Kompyuta ya mpangilio wa Marekani itaisoma Machi 4. Dalili yake ni kwamba tarehe zenye siku zaidi ya 12 zimebaki maandishi upande wa kushoto na nyingine zimekubaliwa.

Na ule wizi ambao hakuna aliyeuona? Mwenye pikipiki alilala saa 4 usiku, akaamka saa 12 asubuhi, haipo. Wengi huandika saa 12 asubuhi, na hapo tunapata wezi wa alfajiri wasiokuwepo. Andika mwanzo na mwisho. Katika chati, ligawe tukio hilo moja kwenye saa zake nane, kila saa ipate 0.125. Ni kazi ya fomula moja, na chati inabadilika sura kabisa.

Dalili: ramani ya joto inabadilika kila ninapoivuta

"Mwalimu, nikikuza Makole inawaka, nikipunguza inazimika." Haijaharibika. Mtindo wa ramani ya joto, ambamo rangi hukolea penye nukta nyingi, kwenye QGIS huanza na nusukipenyo cha milimita 10 za kioo, siyo mita za ardhini. Ukikuza, milimita 10 zinafunika mtaa. Ukipunguza, zinafunika kata tano. Tena kilele cha rangi hupimwa kwa nukta zinazoonekana wakati huo, kwa hiyo hata kusogeza ramani pembeni kunatosha kubadilisha picha. Mtindo huo ni wa kutazamia tu, usiufanyie uamuzi.

Tumia zana ya kukokotoa msongamano inayotoa rasta, yaani picha ya vimraba ambavyo kila kimoja kina namba yake. Kabla ya kuibonyeza hakikisha leya iko kwenye mita, maana ukiandika 500 kwenye leya ya nyuzi utakuwa umeomba nyuzi 500, na nyuzi moja tu ni kilomita 111. Kosa hilo hilo ndilo linalofanya ukanda wa mita 500 kuzunguka shule umeze dunia nzima.

Nusukipenyo kiwe kipi? Hakuna namba takatifu. Katikati ya mji sisi huanza na mita 300, kisha 500, kisha 1,000, na kuziweka ramani tatu sambamba. Doa linaloonekana kwenye zote tatu linastahili kuangaliwa. Linaloonekana kwenye moja tu, liache. Kumbuka pia msongamano haujui barabara, haujui reli, haujui mlima. Utapaka rangi hata mahali asipokanyaga mtu.

Dalili: kata moja imewaka nyekundu kuliko zote

Uliza kwanza: umechora idadi au kiwango, yaani matukio yakigawanywa kwa watu? Kata yenye watu wengi huwa na matukio mengi, hilo halihitaji ramani. Mwanajiografia Balbi na mwanasheria Guerry walipochapisha ramani za uhalifu za Ufaransa mwaka 1829 tayari walikuwa wanalinganisha matukio na idadi ya wakazi.

Sababu ya pili ni idadi ya watu iliyopitwa na wakati, na hapa Dodoma tunaumia kuliko wengine. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa manispaa. Sensa ya 2022 ilihesabu 765,179 katika jiji. Matukio 200 kwa sensa ya zamani ni 48.7 kwa kila watu 100,000, na kwa mpya ni 26.1. Ukichukua matukio ya juzi ukagawa kwa watu wa 2012, mji mzima unaonekana umeoza, na kata zilizojaa watu baada ya serikali kuhamia huku ndizo zitakazoonewa zaidi.

Sababu ya tatu: wakazi siyo watu waliopo. Madukani mchana kuna umati usiolala pale. Bunge likikaa mji unajaa, wanafunzi wa chuo kikuu wakifunga mitaa kadhaa inapungua. Kwa wizi wa mifukoni sokoni, mgawanyo kwa wakazi hauna maana. Kwa wizi wa kuvunja nyumba, gawa kwa nyumba.

Nne, namba ndogo. Mtaa wa watu 400 wenye matukio 2 una kiwango cha 500 kwa 100,000. Kata ya watu 20,000 yenye matukio 60 ina 300. Ondoa tukio moja kwenye ule mtaa, kiwango kinashuka hadi 250. Unganisha miaka miwili au mitatu, au tumia kiwango kilicholainishwa, ambacho GeoDa, programu nyingine ya bure, inakikokotoa.

Tano, kuripoti kumeongezeka. Kituo kidogo kimefunguliwa, mkaguzi wa kata anasikiliza watu, na yaliyokuwa yakiishia kwa mjumbe sasa yanaandikwa. Kata inayowaamini polisi itaonekana mbaya kuliko kata iliyokata tamaa. Hili huwezi kuliona kwenye kompyuta. Nenda ukaulize.

Baada ya hayo yote ndipo unaweza kusema pengine tatizo lipo.

Dalili: kipimo kinasema "ni muhimu kitakwimu" lakini moyo unakataa

Usikilize moyo kidogo. "Muhimu kitakwimu" maana yake tu ni kwamba si rahisi jambo hilo kutokea kwa bahati. Jiji lina kata 41. Ukipima kila moja kwa kiwango cha asilimia 5, mbili hivi zitatoka "muhimu" kwa bahati tu. Halafu angalia ujirani: kata za mjini zimebanana, za pembeni ni kubwa mno, na ukitaja ujirani kwa umbali maalumu kata za pembeni hubaki bila jirani hata mmoja. Tumia ujirani wa kugusana mpaka, urudie na wa majirani wanne wa karibu, uone kama faharasa ya Moran, namba inayoonyesha kama kata jirani zinafanana, inabaki upande ule ule.

Matokeo yakiwa ya mafunzo, endelea kujaribu. Yakiwa ya kupanga doria, ya kuandika ripoti ya halmashauri au ya kupelekwa mahakamani, acha na umtafute mtakwimu. Kosa la hapo halirekebishiki kwa kubadilisha rangi.

Dalili: mtu ameomba ramani yenye nukta

Hii haina ukaguzi wa kompyuta, na ndiyo ya hatari kuliko zote zilizotangulia. Nukta, tarehe na aina ya kosa vinatosha kumtambulisha mtu mtaani kwake hata kama jina halipo. Kwa ukatili wa kingono, makosa dhidi ya watoto na ukatili wa nyumbani, nukta haitoki kamwe, hata iliyosogezwa, hata kwa rafiki. Kwa makosa mengine, toa jumla ya kata kwa robo mwaka. Kata ikiwa na matukio machache mno kiasi kwamba majirani watajua ni nani, iunganishe na jirani yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inakuhusu hata ukiwa mwanafunzi. Ukigundua kwamba jedwali ulilopewa kwa mazoezi lina majina halisi, namba za simu au maelezo ya waathirika, usilifungue tena, usilinakili, usilitume ili "wenzako waone". Mrudishie aliyekupa, mweleze kwa maandishi, na mwombe mwanasheria au msimamizi wa data wa ofisi husika aseme hatua inayofuata kabla hujachora nukta hata moja.